Hospitali inayomkopesha kila mtu

Ukitaka kupima afya ya hospitali ya kanisa huko wilayani, usianzie wodini. Wodini utakuta vitanda vimejaa, manesi hawakai chini, ndugu wa wagonjwa wamepanga ndoo na vyungu chini ya mwembe, nawe utaondoka ukiamini mambo yanakwenda. Pita moja kwa moja hadi uhasibu. Upande mmoja wa meza kuna madai: fomu za bima za miezi kadhaa nyuma, orodha ya wagonjwa wa msamaha inayosubiri halmashauri, na daftari la walioruhusiwa kwenda nyumbani kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Upande wa pili kuna faili jembamba lenye kelele zaidi: umeme wa LUKU, dizeli ya jenereta, Bohari ya Dawa, mishahara, michango ya NSSF. Fedha za upande wa kwanza hospitali imeshazitolea jasho. Za upande wa pili zinatakiwa wiki hii.

Watu wakisikia hospitali ya misheni ina hali mbaya hudhani wagonjwa wamepungua, au wazungu wameondoka, au mhasibu amekula fedha. Yote hayo hutokea. Lakini ugonjwa mkubwa zaidi ni ule wa duka la mtaani ambalo mwenyewe hawezi kumnyima mtu: kila anayeingia anachukua unga na kuandikwa, ilhali muuzaji wa jumla anataka taslimu. Duka la namna hiyo linaweza kuuza kutwa nzima na bado likafungwa. Hospitali nayo inaikopesha serikali, inaukopesha mfuko wa bima, inamkopesha mkulima wa mahindi, na mtaji wa kazi hiyo haina.

Mambo haya yana historia. Wamisionari walijenga hospitali mahali ambako utawala wa kikoloni haukuona haja ya kufika haraka: Peramiho na Ndanda upande wa kusini, Haydom huko Mbulu mwaka 1955. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipotaifisha shule za dini, hospitali nyingi za dini ziliachwa mikononi mwa wenyewe. Bugando ya Mwanza ilichukuliwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa Kanisa Katoliki mwaka 1985, lakini huko wilayani serikali ilitumia njia nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa njia ya busara. Pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya serikali lakini ya misheni ipo, haikujenga ya pili. Iliiteua ile ile kuwa hospitali ya wilaya. Kanisa likabaki na majengo na uongozi, serikali ikaahidi mishahara na ruzuku ya vitanda. Ndiyo asili ya hospitali teule. Hadi leo ukiwa Muheza, mtu akikwambia mgonjwa wake kalazwa Teule, huna haja ya kumuuliza ni hospitali gani.

Mwaka 1992 makanisa na serikali walitia saini hati ya makubaliano, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ambayo chini ya mwavuli wake zipo hospitali takriban 100 pamoja na vituo vya afya na zahanati mamia. Kwenye karatasi ulikuwa ushirikiano mzuri. Mwaka uliofuata ukaanza uchangiaji katika hospitali za umma, na matibabu ya bure yaliyozoeleka enzi za Ujamaa yakafika mwisho.

Uchangiaji ulikuja na msamaha wake. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, wanaoishi na VVU, pamoja na maskini wenye barua ya mtendaji wa kijiji: hao hawalipi. Sijaona mtu mwenye utu anayeupinga msamaha huo. Ila sera haikusema kwa sauti ya kutosha nani atalipa badala yao. Kwenye hospitali ya serikali pengo hilo huzibwa, vizuri au vibaya, na bajeti ya serikali yenyewe. Kwenye hospitali ya kanisa linatakiwa kuzibwa na halmashauri kwa mkataba wa huduma, kutoka kwenye mafungu kama mfuko wa pamoja wa afya. Mkataba husainiwa siku moja mbele ya mkurugenzi na askofu, picha zikapigwa. Fedha huja kwa mwendo wake.

Chukua upasuaji mmoja wa uzazi, saa nane usiku. Mama ameletwa kutoka zahanati, uchungu umekwama tangu jioni. Kabla daktari hajashika kisu, mlinzi ameshakwenda kuwasha jenereta, kwa sababu hakuna anayetaka umeme ukatike tumbo likiwa wazi. Mtaalamu wa usingizi anavunja kichupa cha dawa ya ganzi. Zinafunguliwa glovu za upasuaji, jozi baada ya jozi, kwa maana kazi hiyo si ya mtu mmoja. Kuna nyuzi za kushona mfuko wa uzazi na nyuzi za kushona ngozi, na hizo si nyuzi za aina moja. Kuna dripu, kuna antibayotiki, kuna sindano ya kuzuia damu isimwagike baada ya kondo kutoka, kuna mpira wa mkojo, spiriti, pamba, gozi. Damu ikihitajika, maabara inafungua kitendanishi cha kuioanisha. Mtoto akitoka amechoka, kuna oksijeni. Alfajiri mashuka yanapelekwa kufuliwa na vifaa kuchemshwa, na hapo tena ni maji, sabuni na umeme.

Kila kitu kwenye chumba hicho kimenunuliwa, na sehemu yake imenunuliwa kwa bei ya dharura, maana Bohari ya Dawa ikikosa bidhaa hospitali inakwenda kwa mshitiri wa mkoa, muuzaji aliyeteuliwa kuziba pengo hilo, na mshitiri naye akikosa inakwenda kwenye duka la jumla la dawa mjini, ambako neno msamaha halijulikani. Asubuhi mama na mtoto wazima. Bili yao, kwa mujibu wa sera, ni sifuri. Sifuri hiyo ni ya mama tu.

Zipo hospitali zilizojaribu kukwepa mzigo huo kwa kurudisha ada. Haydom iliwahi kutoa bure huduma ya uzazi na gari la wagonjwa, na akina mama wakaja kwa wingi kutoka vijiji vya mbali. Ada zilipoanza tena mwanzoni mwa miaka ya 2010, waliokuja kujifungua wakapungua. Bila shaka watoto hawakuacha kuzaliwa katika nyanda zile. Kwa hiyo mkurugenzi wa hospitali ya namna hii anabaki na hesabu isiyo na jibu safi: akitoza, anawapoteza wale ambao hospitali ilijengwa kwa ajili yao, asipotoza, anakosa fedha za kununua glovu za kumhudumia atakayekuja kesho.

Bima ndiyo ilitarajiwa kuleta nafuu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukichangiwa asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Kwa miaka mingi mwalimu mwenye kadi ya NHIF alikuwa mgonjwa bora kuliko wote kwenye foleni. Anatibiwa, anasaini, na fedha zinakuja bila kumfuata mtu shambani. Wilaya zenye shule nyingi na ofisi nyingi zilinufaika. Wilaya za wafugaji na wakulima watupu zilikuwa na walimu wachache tu wa kuishikilia hospitali nzima.

Lakini kadi haigeuki fedha pale dirishani. Fomu lazima iwe na saini, nambari ya uthibitisho, jina la ugonjwa linaloendana na dawa iliyotolewa, na dawa yenyewe iwe ile inayoruhusiwa kwa ngazi ya hospitali hiyo. Daktari aliyekesha usiku akisahau kuandika mstari mmoja, mstari huo unakuwa makato. Makato ni kitu kidogo kidogo: hapa kipimo, pale kitanda cha siku moja, kule dawa iliyotolewa kwa siku saba badala ya tano. Yakikusanywa mwisho wa mwezi yanatosha kununua dizeli. Sisemi mfuko unaonea. Udanganyifu kwenye madai upo, umethibitika mara nyingi, na mfuko nao una maumivu yake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilionyesha nakisi ya zaidi ya Sh150 bilioni kwa mwaka wa fedha 2022/23. Mfuko wenye nakisi hukaza mkono, nao mkono ukikazwa juu, chini hospitali inasubiri.

Tarehe 1 Machi 2024, bei mpya za kitita cha NHIF zilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo zikidai bei hizo hazirudishi gharama. Nchi nzima ilizizungumzia. Hospitali teule iliyo peke yake wilayani haina silaha hiyo. Ikifunga dirisha, mgonjwa hana hospitali ya pili ya kukimbilia, na jioni hiyo hiyo mkuu wa wilaya atakuwa getini.

Upande wa mkulima kuna Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango katika mikoa mingi uliwekwa kuwa Sh30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Gawanya: Sh5,000 kwa kila kichwa, kwa miezi kumi na miwili, zahanati mpaka hospitali. Nia ni njema na kwa familia maskini ni ulinzi wa kweli, ila hakuna hesabu ya duniani inayoweza kuilipia kwa mchango huo ile operesheni ya saa nane usiku. Anayebeba tofauti ni hospitali, na hakuna mahali ambapo tofauti hiyo inaandikwa kuwa mchango wake kwa taifa.

Kisha kuna watumishi, na hapa ndipo hospitali nyingi zilipoumia bila kelele. Nesi wa hospitali ya kanisa amesoma cheti kile kile, ana leseni ile ile, anakesha zamu ile ile na mwenzake wa serikalini. Serikali ikipandisha mishahara, hospitali ya kanisa lazima ipandishe pia, au imuage. Ajira za serikali zikitangazwa, mganga mfawidhi hufungua ofisi asubuhi akijua barua za kuacha kazi ziko njiani. Wale walioshikizwa na serikali kwa mkataba wanalipwa na Hazina, lakini hao nao wanaweza kuhamishwa kwa barua moja ya halmashauri.

Na halmashauri imepata pa kuwapeleka. Katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za wilaya, kila moja ikitengewa Sh1.5 bilioni. Ni habari njema, na anayeishi wilaya isiyokuwa na hospitali kabisa hana cha kulalamikia. Ila zipo wilaya ambako hospitali mpya ilisimama mahali ambako ya kanisa ilikuwa imebeba mzigo miaka hamsini, na baada ya hapo maswali yakaanza kuulizwa: fungu la mfuko wa pamoja liende wapi, watumishi walioshikizwa warudi wapi, neno teule lina kazi gani tena? Busara ile ya kutokujenga hospitali ya pili iliachwa, na sioni kama kuna aliyekaa chini kuhesabu ingegharimu kiasi gani kuilipa vizuri ile ya kwanza.

Hospitali zenyewe hazijakaa zikilia. Karibu kila moja ina wodi ya daraja la kwanza, yenye chumba cha peke yako, choo ndani na televisheni, na kliniki ya jioni ambako anayelipa haraka anaonwa haraka. Wapo wanaosema huko ni kuuza Injili. Mimi sioni dhambi. Mfanyabiashara wa mjini akilipa zaidi ili asipange foleni, fedha yake inanunua dripu ya yule aliye kwenye foleni, mradi daktari ni yule yule na wodi ya kawaida haigeuzwi ghala. Vyuo vya uuguzi ni njia nyingine, na pengine ndiyo bora zaidi: ada za wanafunzi huingia mwanzo wa muhula, hazihitaji kudaiwa NHIF, na wanafunzi hao hao wanapunguza uhaba wa mikono wodini. Kuna mashamba, kuna nyumba za wageni, kuna karakana za useremala zinazotengeneza vitanda na majeneza. Kuna paneli za sola zilizopunguza dizeli. Kuna madaktari bingwa wanaoalikwa kwa wiki moja, tangazo likapita redioni na misikitini na makanisani, na wagonjwa wa macho au mifupa wakajaa uwanja.

Wafadhili bado wapo, lakini wamebadilika. Zamani ndugu wa kanisa la ng'ambo alituma fedha na barua ya salamu. Hospitali ikaamua yenyewe inunue nini. Siku hizi fedha huja na mradi, na mradi una viashiria. Wanapenda jengo, kwa sababu jengo lina ukuta wa kubandika kibao cha jiwe la msingi. Sijawahi kuona kibao kwenye pipa la dizeli. Hospitali inaweza kuwa na jengo jipya la watoto njiti linalong'aa na ikakosa fedha ya kumlipa nesi wa kukaa humo usiku. Na mradi unaweza kukatika ghafla: Januari 20, 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya Marekani, kliniki za VVU katika hospitali nyingi, za dini na za serikali, zilijikuta na watumishi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo wakiwa hawajui kama wiki inayofuata wana kazi. ARV zilikuwepo kabatini. Aliyekuwa akiingiza taarifa za wagonjwa na kuwafuatilia walioacha dawa ndiye aliyeambiwa abaki nyumbani.

Yakishindikana yote, hospitali inakopa pale ambapo riba haidaiwi: kwa watumishi wake. Mshahara wa mwezi huu unalipwa katikati ya mwezi ujao. Kisha nusu nusu. Posho za zamu na za kuitwa usiku zinalimbikizwa. Michango ya NSSF inakatwa kwenye karatasi lakini inachelewa kufika, na mtumishi hujua siku anapotaka mafao. Duka lile la kukopesha limemgeuza karani wake kuwa benki. Nesi anayemhudumia mgonjwa wa msamaha ndiye, mwisho wa safari ya madai yote hayo, anayemlipia. Na nyumbani mwenye nyumba na ada ya shule havimsamehi. Likitajwa suala la kauli chafu za wauguzi kwa wagonjwa, na malalamiko hayo ni ya haki, ningependa mjadala huo ufanyike huku karatasi ya mshahara ikiwa mezani.

Kuna njia moja ya kudai ambayo haina utetezi. Ni kumzuia mgonjwa aliyepona asitoke getini, au kuzuia maiti ndugu wasizike hadi deni liishe. Imefanyika katika hospitali za kila aina, za umma na za binafsi, na viongozi wa Wizara ya Afya wameikemea mara kadhaa. Katika kampeni za uchaguzi wa 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuipiga marufuku kwa upande wa maiti. Marufuku hiyo ni ya haki. Maiti haitibiki tena, haina cha kurudisha, na ndugu zake wameshachangishana sanda na nauli. Lakini deni halizikwi pamoja na marehemu. Hospitali teule itaufungua mlango wa chumba cha maiti, italiandika deni kwenye lile daftari, na mara nyingi hapo ndipo litakapobaki. Mbali na wanaoaga rasmi, kuna wale wanaoitwa watoro, wagonjwa wanaoacha kitanda usiku na kupotelea gizani na dripu ya mwisho. Kila hospitali ina orodha yao, na afisa ustawi wa jamii anazijua sababu zao bila kuuliza.

Sasa macho yote yako kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ikitekelezwa jinsi ilivyoandikwa, mama wa saa nane usiku atakuja na bima, mzee mwenye barua ya mtendaji atakuja na bima, na wasio na uwezo watalipiwa kutoka kwenye vyanzo vilivyotajwa na sheria yenyewe. Kwa hospitali ya kanisa hilo ni jambo ambalo halijapata kutokea: kila atakayelazwa atakuwa na mlipaji anayejulikana jina. Wasiwasi ni mmoja, nao si mdogo. Mlipaji akiwa mmoja, hospitali nzima inasimama au kuanguka kwa kasi ya malipo yake. Leo bima ikichelewa, kuna fedha taslimu za wanaolipa mfukoni zinazonunua LUKU. Kesho hizo zitapungua sana, na uchelewaji wa siku tisini utakuwa uchelewaji wa kila kitu.

Hospitali zilizosoma alama hizo zimeanza kujipanga, na namna zinavyojipanga inasema mengi. Zinanunua kompyuta za wodini ili daktari aandike mwenyewe badala ya karani kunakili usiku. Zinawaita madaktari darasani kuwafundisha kujaza madai. Na pale bajeti inaporuhusu nafasi moja tu mpya ya ajira mwaka huu, kati ya nesi wa wodi ya wazazi na karani wa madai ya bima, zaidi ya hospitali moja itamchukua karani, kwa sababu karani atarudisha mshahara wake ndani ya mwezi.